Maringo ya Makali

Oktoba 2019, mali za Anthony Bourdain, mpishi na mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka uliotangulia, zilipigwa mnada. Miongoni mwake kulikuwa na kisu kimoja cha jikoni ambacho madalali walikikadiria kwa dola elfu chache. Kilinunuliwa kwa dola 231,250. Aliyekifua ni Bob Kramer, mtu aliyewahi kuwa mchekeshaji wa sarakasi, kisha mnoa visu vya mikahawa, ndipo akawa mhunzi. Katika ubapa wa kisu hicho alifua pamoja chuma cha pua na chuma cha kimondo.

Bourdain huyohuyo, katika kitabu chake Kitchen Confidential cha mwaka 2000, aliwaonya wasomaji kwamba kuaminishwa kuwa jiko linahitaji seti nzima ya visu ni kudanganywa mchana kweupe. Kisu kimoja kizuri kinatosha, aliwaambia, na akapendekeza Global, kisu chepesi cha Kijapani kilichoingia sokoni mwaka 1985. Aliyaamini yote mawili. Alijua kazi ya jikoni inataka nini, na bado moyo wake ulivutwa na kazi ya mikono ya Kramer.

Mapenzi ya namna hiyo hayana ubaya wowote. Kisu ni miongoni mwa vyombo vya kale kabisa vya binadamu, na anayekishika kila siku ana haki ya kukitaka kizuri. Tatizo huanza pale mapenzi yanapogeuka dharau: mwenye kisu cha Kijapani akamcheka mwenye cha Kijerumani, mwenye kisu kilichofuliwa kwa nyundo akamdharau mwenye cha kiwandani, na wote wawili wakamkunjia uso mama anayekata vitunguu kwa kisu cha mpini wa plastiki alichonunua sokoni. Dharau hiyo ina kasoro kubwa. Karibu kila mara huegemea mambo yanayoweza kuandikwa kwenye kibandiko: jina la chuma, jina la nchi, bei. Ukali wenyewe unatokana na mambo matatu ambayo kibandiko hakiyasemi, nayo ni wembamba wa ubapa karibu na makali, jinsi chuma kilivyochomwa na kupozwa, na mkono wa anayekinoa.

Ubishi wa watu wa visu kama ulivyo leo ulipata sura yake Marekani, na wanaume wawili waliupa nguvu. Wa kwanza ni Bob Loveless. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1950, akiwa baharia, aliingia duka la Abercrombie & Fitch mjini New York kununua kisu cha Randall, akaambiwa angoje miezi tisa. Hakungoja. Alikwenda kwenye jaa la magari mabovu, akachukua springi ya Packard, akajitengenezea kisu chake, na baadaye duka lilelile likawa linauza visu vyake. Kadiri ufundi wake ulivyokomaa, Loveless aliona kufua si lazima. Alichukua bapa la chuma, akaondoa kwa mashine ya kusaga kila kisichohitajika, kisha akalikabidhi kwa moto. Mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Knifemakers' Guild, chama cha watengenezaji visu, na muda si mrefu akawaletea wenzake chuma kiitwacho 154CM, kisichoshika kutu kirahisi, ambacho asili yake ni mahitaji ya injini za ndege.

Wa pili ni Bill Moran wa Maryland. Yeye aliamini kwamba kisu huzaliwa kati ya nyundo na fuawe, wakati ambapo ufuaji wa visu Marekani ulikuwa umebaki mikononi mwa watu wachache mno. Mwaka 1973, kwenye maonyesho ya chama kilekile cha akina Loveless, Moran aliweka mezani visu vya chuma cha Dameski alivyovifua mwenyewe tabaka juu ya tabaka, ubapa wake ukiwa na michirizi ya mawimbi. Watu waliduwaa. Wengine wangeifanya siri hiyo kuwa mtaji wa maisha. Moran aliifundisha kwa kila aliyetaka. Mwaka 1976 aliongoza kuanzishwa kwa American Bladesmith Society, jumuiya ya wahunzi wa visu ambayo hadi leo inatoa vyeo viwili, fundi na fundi bingwa.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika kambi mbili. Kambi moja ilishikilia kwamba nyundo hukaza chuma, kwamba makali yakigongwagongwa yanapata nguvu ambayo mashine ya kusaga haiwezi kuyapa. Kambi ya pili ilijibu kwamba kufua ni mbwembwe. Wataalamu wa madini wamelijibu swali hili, na jibu lao haliwafurahishi sana wapenda nyundo. Bapa la chuma linalotoka kiwandani limekwisha kupitishwa kwenye rola nzito likiwa jekundu, hivyo limekwisha kufuliwa vya kutosha kabla mtengenezaji hajaligusa. Nyundo humsaidia mhunzi kuokoa chuma, kupata umbo alitakalo na kuunda michirizi ya Dameski. Haizidishi ukali. Ukali hutafutwa baadaye, kwenye moto wa mwisho, pale chuma kinapopashwa hadi joto kamili, kikazamishwa kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena kwa joto dogo ili kisivunjike kama kioo. Kosa dogo hapo linaharibu kazi yote, iwe ya nyundo au ya mashine.

Kinachompa Moran heshima zaidi ya ubishi huo ni mtihani wa vitendo wa jumuiya yake. Anayetaka cheo huleta kisu kimoja. Kwa pigo moja lazima akate kamba nene ya inchi 1 inayoning'inia bila kushikwa upande wa chini. Kisha kwa kisu hichohicho, bila kukinoa, anakata mbao ya mbili kwa nne mpaka iachane, na kuikata tena mara ya pili. Makali yaliyopitia mbao hizo yanatakiwa bado yaweze kunyoa malaika ya mkononi. Mwisho ubapa unabanwa kwenye jiliwa na kupindwa hadi nyuzi 90, na haupaswi kuvunjika. Kamba inapima ukali, mbao zinapima uimara wa makali, kunyoa kunapima udumu wake, na kupinda kunapima moto. Hakuna hatua hata moja inayouliza kisu kinauzwa kiasi gani.

Dharau ya pili, kongwe kuliko hiyo ya nyundo na mashine, inakihusu chuma kisichoshika kutu. Wapo wapishi wanaoapa kwamba kisu cha kweli ni cha chuma cha kaboni, kile kinachogeuka kijivu kikigusa limau na kuota kutu kikiachwa na maji usiku mmoja. Watu hawa hawakuokota wazo lao njiani. Mnamo Agosti 1913, mjini Sheffield, Harry Brearley aliyeyusha chuma chenye asilimia 12.8 ya kromi na asilimia 0.24 ya kaboni alipokuwa akitafuta dawa ya mitutu ya bunduki inayolika upesi. Alipoona hakiliwi na asidi, mawazo yake yalikwenda moja kwa moja kwenye visu, kwa kuwa Sheffield ulikuwa mji wa visu na yeye alizaliwa humo. Mafundi wa kwanza waliojaribu kukifanyia kazi walishindwa. Chuma hicho kilitaka moto mkali kuliko waliouzoea, kaboni yake ilikuwa ndogo, na vipande vyao vilitoka vigumu kufanyia kazi na butu. Brearley akapachikwa jina la mtu aliyevumbua visu visivyokata.

Kwa hiyo mwanzoni dharau hiyo ilikuwa ya haki. Lakini mafundi walijifunza moto mpya, wayeyushaji chuma wakaongeza kaboni, na katika kipindi cha miaka michache meza za Uingereza zilikuwa na visu ambavyo havikuhitaji kusuguliwa kila baada ya mlo. Mwaka 1921 kiwanda cha familia ya Karl Elsener huko Ibach, Uswisi, kilichokuwa kikiwapa askari wa nchi hiyo visu tangu 1891, kilichukua jina la mama yake Elsener, Victoria, kikaliunganisha na neno la Kifaransa la chuma hicho, na Victorinox ikazaliwa. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu majaribio ya Sheffield. Anayerudia leo kwamba chuma kisichoshika kutu hakikati anarithi malalamiko ya watu ambao tatizo lao lilikwisha kutatuliwa.

Siku hizi maringo yamehamia kwenye namba na herufi. Shabiki wa visu vya kukunja hazungumzi chuma kwa ujumla. Anataja S30V, M390, 20CV, MagnaCut, na kila baada ya miaka michache linakuja jina jipya linaloyafanya ya zamani yaonekane ya aibu. Nyuma ya herufi hizo kuna sayansi halisi na ya kusifiwa. Chuma cha kawaida kikiyeyushwa na kumiminwa, madini magumu yaliyomo huganda kwa mabonge makubwa yasiyolingana. Viwanda vya chuma cha unga hukipuliza chuma kilichoyeyuka kwa gesi yenye nguvu kikawa chembechembe, kila chembe ikiganda papo hapo, kisha vikaukandamiza unga huo kwa joto na shinikizo ukawa bonge moja. Madini magumu, hasa ya vanadi, yanabaki madogo na yametawanyika sawasawa. Makali yanadumu muda mrefu zaidi bila kumeguka ovyo.

S30V ilitoka mwaka 2001, kampuni ya Crucible ikiwa imeshauriana na watengenezaji visu akiwemo Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho. Kisu chake cha kukunja, alichokipa jina la Kizulu Sebenza, yaani kufanya kazi, kinauzwa kwa mamia ya dola na kwa mashabiki wengi ndicho kipimo cha visu vingine vyote. Kina kitasa kilichokatwa kwenye mpini wenyewe wa titani, ubunifu ambao umeigwa duniani kote, na sehemu zake zinakutana kwa usahihi wa kustaajabisha. Sifa hizo ni za haki.

Ila huko huko Marekani kuna Buck 110, kisu cha kukunja chenye mpini wa mbao na shaba kilichoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1960 na ambacho mamilioni ya wawindaji, wakulima na madereva wa malori wamekibeba kiunoni. Chuma chake cha miaka mingi ni 420HC. Ukilitaja jina hilo mbele ya mashabiki wa vyuma vipya watatabasamu kwa huruma, kwa sababu ni chuma cha bei ya chini ambacho kwenye visu vingi hovyo hulainika haraka. Kilichowaponza ni kusahau moto. Buck ilimpata Paul Bos, fundi aliyetumia maisha yake kuchoma na kupoza vyuma vya visu, na utaratibu wake, pamoja na hatua ya kukiweka chuma kwenye baridi kali sana, unaipa 420HC ugumu ambao viwanda vingine havijishughulishi kuutafuta. Kuna visu vya chuma chenye jina kubwa vilivyochomwa kwa haraka kiwandani, na visu hivyo vinashindwa na Buck ya kawaida kwenye kumchuna swala mmoja.

Wakati mwingine ubishi unahitaji mashine. Huko Sheffield ipo CATRA, taasisi ya utafiti wa visu iliyoanzishwa mwaka 1952, na mashine yake hukisukuma na kukivuta kisu mara 60 juu ya rundo la karatasi ngumu iliyochanganywa na mchanga laini, kisha ikajumlisha urefu wa karatasi iliyokatwa. Larrin Thomas, mtaalamu wa madini wa Marekani na mtoto wa mhunzi, alivitumia vipimo vya aina hiyo kulinganisha makumi ya vyuma, na mwaka 2020 akachapisha kitabu kizima, Knife Engineering. Mwaka uliofuata kilitoka chuma alichokibuni mwenyewe, MagnaCut, kinachosifiwa kuliko karibu chochote kilichopo. Mtu aliyebuni chuma hicho angeweza kukaa kimya akavuna sifa. Yeye anarudia kwamba umbo la makali ndilo lenye uzito mkubwa zaidi. Punguza pembe ya makali, na kisu cha chuma cha wastani kitakata kuliko kisu cha chuma bora chenye makali manene, na kitaendelea kukishinda kwa muda mrefu. Pembe haigharimu chochote zaidi ya kinoo na subira. Hii ndiyo habari ambayo wenye maringo hawataki kuisikia, kwa sababu humwondolea tajiri wa visu faida yake yote mbele ya fundi mwenye kinoo.

Wajapani walilijua hili kabla ya mashine yoyote. Katika mji wa Sakai, karibu na Osaka, ambako visu vya wapishi vimetengenezwa kwa karne nyingi, kazi imegawanywa: mmoja anafua, mwingine anasaga na kunoa, wa tatu anatia mpini. Mashabiki wa Ulaya na Marekani hulifukuzia jina la mfuaji na jina la chuma, chuma cheupe au cha buluu, majina yaliyotokana tu na rangi ya karatasi ambazo kiwanda kilikifungia. Jina la mnoaji mara nyingi halitajwi, ilhali ndiye anayeupa ubapa wembamba wake. Wapishi wa Kijapani wanajua pia upande wa pili wa makali hayo: chuma kigumu, chenye 60 na zaidi kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell, hakipendi mfupa wala bao gumu, na kikigongwa vibaya kinameguka. Kisu cha Kijerumani cha Solingen, kilicho laini kidogo, hupinda makali badala ya kumeguka, na kupapaswa mara chache kwenye chuma cha kunolea kunakirudisha kazini. Mpishi anayekata samaki mbichi na mpishi anayepasua kuku wanataka vitu tofauti. Hakuna aliye duni.

Maringo ya mahali yana visa vyake pia, na cha Laguiole ni cha kusikitisha. Kijiji hicho kidogo cha kusini mwa Ufaransa kilikipa jina lake kisu maarufu cha kukunja chenye nyuki kwenye mgongo. Jina halikulindwa. Mfanyabiashara mmoja alilisajili kwa bidhaa chungu nzima mwaka 1993, na visu vingi vinavyolibeba hufanywa Thiers, mji mwingine wa Ufaransa, au Asia. Mwaka 2012 wanakijiji waliposhindwa mahakamani waliling'oa bango la jina la kijiji chao kwa uchungu. Baada ya miaka mingi ya kesi mahakama za Ufaransa ziliwasikiliza, lakini kwa muda wote huo mnunuzi aliyelipia jina alikuwa akilipia jina tu.

Yapo pia maringo ya kinyume, nayo hayana nafuu. Kuna wanaojivunia Opinel, kisu cha mpini wa mbao kilichobuniwa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890, au visu vya mji wa Mora, Sweden, na kumwona kila anayetumia zaidi ya bei ya chakula cha mchana kuwa mjinga. Opinel na Mora ni visu bora, vyembamba, vinavyonoleka kirahisi, na ndiyo sababu vinakata vizuri. Lakini anayekidharau kisu cha Kramer kwa kuwa ni ghali bado anakipima kwa bei.

Mpaka hapa hasara ni ya mifuko na ya urafiki. Kuna mahali ambapo maringo ya visu yalileta hasara nyingine kabisa, na Afrika Mashariki ndiyo iliyoilipa.

Nchini Yemen, mwanamume huvaa jambia kwenye mkanda mbele ya tumbo, na ubapa wake uliopinda mara nyingi hautoki alani ila kwa ngoma na sherehe. Thamani iko kwenye mpini. Mipini ya mbao na ya pembe za ng'ombe ni ya kawaida. Unaoheshimiwa kuliko yote ni wa pembe ya kifaru, ambao ukishikwashikwa kwa miongo mingi hung'aa na kupata rangi ya kupenya mwanga. Mjuzi anaweza kukaa na muuzaji mjini Sanaa akiugeuzageuza mpini mmoja kwenye jua, akisoma nyuzi zake na kukadiria umri wake. Enzi za maimamu, aina ya jambia na jinsi linavyovaliwa vilionyesha ukoo na cheo, na mpini wa kifaru ulikuwa wa wachache.

Baada ya mapinduzi ya 1962 yaliyouangusha utawala huo wa maimamu, na hasa bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, vijana wa Yemen waliokwenda kufanya kazi Saudi Arabia walirudi na fedha ambazo baba zao hawakuwahi kuziota. Kitu cha kwanza walichokitaka wengi wao ni heshima iliyokuwa ya wakubwa. Pembe zikaanza kuingia kwa tani, nyingi kutoka Afrika Mashariki, na Yemen ikawa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya pembe duniani pamoja na nchi za Asia zilizozitumia kwa dawa.

Kenya ilikuwa na faru weusi takriban 20,000 mwaka 1970. Kabla ya mwaka 1990 walikuwa chini ya 400. Katika Afrika nzima faru weusi walishuka kutoka wapatao 65,000 mwaka 1970 hadi kama 2,400 katikati ya miaka ya 1990. Hakuna ubapa hata mmoja uliopata ukali kwa vifo hivyo. Jambia la mpini wa kifaru halikati zaidi ya jambia la mpini wa nyati. Mnyama mzima aliangushwa ili watu wazima wapimane heshima wakiwa wamekaa barazani.

Aliyeifuatilia biashara hiyo kwa uvumilivu mkubwa ni Esmond Bradley Martin, mwanajiografia wa Marekani aliyeishi Nairobi. Alikuwa akichunguza biashara ya majahazi katika Bahari ya Hindi, na mizigo ya pembe ikampeleka hadi kwa mafundi wa mipini wa Sanaa. Hakwenda kuwatukana. Alihesabu, aliuliza bei, alizungumza na maofisa na wanazuoni, akasaidia kueleza kwamba pembe za nyati wa maji zingeweza kuchukua nafasi hiyo. Serikali ya Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji wa pembe mwaka 1982, na mwaka 1992 mufti mkuu akatoa fatwa dhidi ya kuua vifaru kwa ajili ya mipini. Polepole mafundi wakahamia kwenye pembe za nyati na vitu vingine, ingawa wapo wanaoendelea kuidharau mipini mipya hadi leo. Martin aliuawa nyumbani kwake Nairobi Februari 2018.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanalijua jambia vizuri. Picha za zamani za masultani wa Zanzibar zinawaonyesha wakiwa nalo kiunoni, na khanjari ya Oman, ndugu yake wa karibu, imo kwenye bendera ya nchi hiyo. Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi na desturi zake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Huo ni urithi wa kweli na unastahili kulindwa. Unaweza kulindwa kwa fedha, nakshi na mbao za msandali. Hauhitaji pembe.

Ukiondoka kwenye sherehe ukaingia kwenye kazi, maringo hupungua upesi. Katika viwanda vya nyama vya Marekani na Ulaya, watu wanaokata nyama saa nane kwa siku hushika visu vya mpini wa plastiki vya bei ya kawaida, laini kiasi, na chuma cha kunolea kinaning'inia kiunoni mwao. Cook's Illustrated, jarida la mapishi la Marekani lenye wasomaji wakali, limekipendekeza kwa miaka mingi kisu cha Victorinox cha aina hiyohiyo mbele ya visu vya bei mara kadhaa zaidi. Kwenye bucha za Dar es Salaam na Nairobi utaona visu vilivyonolewa mpaka ubapa umebaki nusu, na wenye navyo hawavibadilishi kwa sababu vimekuwa vyembamba na vinapita kwenye nyama bila kusukumwa. Mnoa visu anayepita mtaani na baiskeli, gurudumu la jiwe likizungushwa kwa pedali, anarudisha makali ya nyumba nzima kwa malipo madogo. Waswahili waliosema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama hawakutaja bei.

Kwa hiyo msomaji mwenye kisu butu jikoni asianzie dukani. Anunue kinoo chenye namba 1000 hivi, kile cha pande mbili kikiwezekana, na akiloweshe maji. Auweke mgongo wa kisu juu kidogo, kiasi cha unene wa kidole kimoja kilicholala kwa kisu kipana na pungufu kwa kile chembamba, aishike pembe hiyohiyo bila kuyumba, na avute kutoka kisigino hadi nchani mpaka kidole kikisikie kijiukingo cha chuma kimeinuka upande wa pili kwa urefu wote. Ageuze, arudie, kisha amalizie kwa kukipitisha taratibu kwenye ngozi au gazeti kukiondoa kijiukingo hicho. Mara ya kwanza atachoka na matokeo yatakuwa ya wastani. Mara ya tano atakata nyanya iliyoiva bila kuibonyeza. Baada ya hapo, akitaka kununua kisu cha Sakai au cha Idaho, anunue kwa mapenzi yake yote, kwani atakuwa na mkono wa kukitunza.